Kilabu cha kimpumu njia ya Tukuyu: nyota nne, ya tano imezama kwenye mirija

Jamani nyie mnaouliza kila siku ukifika Mbeya unapata wapi kimpumu ya ukweli na sio ile iliyochakachuliwa maji, jibu ninalo ila vuteni viti maana leo nitaongea sana. Hii sehemu haina bango wala jina. Unapanda koasta Uyole, unapita Igawilo, unapanda Isongole baridi inakupiga mpaka unajuta hujabeba sweta, unashuka Kiwira, mbele kidogo kabla hujafika Tukuyu mjini unamwambia konda nishushe kwenye miparachichi miwili, hapo ukimuuliza boda yeyote kwa mama wa kimpumu anakupeleka hata kama amelewa. Mi nilipelekwa na baba mdogo, mteja wa kudumu kuanzia enzi za marehemu mama yake na huyu mama, ana kigoda chake kabisa pale, ukikikalia anakuangalia tu mpaka unahama mwenyewe.

Nianze na ubaya ili uishe. Mirija. Kama hujawahi kunywa, kimpumu ni pombe ya ulezi, unaletewa chungu kina machicha mazito kama uji, anakuja binti na birika anamimina maji ya moto juu, mnasubiri kidogo alaf mnanyonya kwa mirija mirefu yenye kichujio mwishoni ili machicha yasipande. Chungu kikipoa au kikipungua anaongeza maji ya moto, mnaendelea, mnaweza kukaa na chungu kimoja kuanzia saa tisa mpaka giza. Raha yake ni hiyo, kunywa kitu cha moto kwenye baridi la Rungwe huku mvua inagonga bati. Sasa ile mirija imechomekwa kwenye ndoo kona kule, anayemaliza anarudisha, anayekuja anachukua, katikati hapo inasuuzwa kwenye maji ambayo mi sikuyaelewa rangi yake. Nikamwambia binti naomba unisuuzie na maji ya moto, akanijibu dada mbona hiyo imesuuzwa juzi. JUZI! Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo nyota moja imeondoka hapo na hairudi mpaka nione sufuria la kuchemshia mirija.

Mengine yote aisee.

Kwa wasionijua, mi ni mtu wa biolojia ya molekuli. Nimesoma Mlimani, chuo kikuu cha Dar, baadae nikapata bahati nikaingia maabara miaka kadhaa naangalia kitu kimoja tu, seli inajuaje kwamba sasa nimekua vya kutosha nigawanyike. Ndio kazi hiyo, usicheke. Shangazi zangu mpaka leo wanajua napima malaria. Na wanyama wangu wa kazi hawakuwa panya wala nyani, walikuwa hamira, tena hamira inayoitwa pombe. Sitanii, jina lake kamili la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Paul Lindner, alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka huku kwetu Afrika Mashariki, akakuta mle hamira tofauti na ile waliyoizoea wao, akaibatiza kwa neno letu la Kiswahili. Leo hii ukienda maabara ya Japani, Uingereza, Marekani, unakuta profesa kavaa koti jeupe anasema pombe imekua vizuri leo, pombe yangu imekufa wikiendi, nani kaiacha pombe nje ya friji. Siku ya kwanza nilishindwa kujizuia nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa fikiria mtu kama mimi, miaka yote nimeilisha hamira hii kwenye chupa za vioo, nimekaa kwenye kigoda mbele ya chungu. Nilivyoanza kumuuliza mama maswali, kimpumu yenyewe ilipoa.

Mama ndiye nyota tatu kati ya hizi nne. Ana miaka kama sitini hivi, mfupi, anaongea taratibu Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake, ukimpa hela anasema ndaga, yaani asante. Akanipeleka nyuma jikoni. Ulezi anauloweka, anautandaza kwenye majani ya migomba uote, ukishatoa vimizizi anauanika na kuusaga, hicho ndio kimea. Nikamuuliza kwa nini mpaka uote, akasema usipoota pombe inakuwa haina utamu wa kula. Nilibaki mdomo wazi maana jibu ni hilo hilo la kitabuni, punje ikiota inatoa vimeng'enya vya kukata wanga uwe sukari, na hamira haijui kula wanga, inakula sukari. Mama hajasema vimeng'enya lakini amesema utamu wa kula, na anayekula anamjua. Nikamuuliza nani anakula? Akaniangalia kama mtoto mjinga. Chachu, mwanangu.

Hiyo chachu haanzi upya kila mara, anabakiza kidogo ya chungu kilichopita anatia kwenye kipya. Kwetu maabara tunafanya vile vile kila baada ya siku kadhaa, unachota tone la zamani unatia kwenye chakula kipya, ila sisi tuna pipeti ya laki kadhaa na yeye ana kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Kabla ya kutia anachovya kiwiko. Joto liwe kama maji ya kumwogeshea kichanga, likizidi chachu inakufa, likipungua inalala. Mi nilikuwa na inkubeta ya nyuzi 30 na bado kuna siku ilinisaliti umeme ulipokatika. Mwezi wa sita na wa saba, baridi likikaza, anavifunika vyungu na mablanketi na koti la marehemu mume wake, na pombe ya siku tatu inakuwa ya siku tano. Anajuaje imeiva? Anasikiliza. Anaweka sikio kwenye chungu, ikichemka kwa fujo bado, ikianza kunong'ona tayari. Zile ni povu za kaboni dayoksaidi bwana, sukari ikikaribia kuisha zinapungua. Nilikuwa na mashine ya kupima wingi wa seli kwa mwanga, bei yake sitaki hata kuikumbuka, na yeye ana sikio.

Baba mdogo kwa wivu wa kuachwa na chungu peke yake akatufuata. Akataka kujua sasa hiyo elimu yote ya kuangalia hamira inamsaidia nani. Swali la kila mwaka hilo, hasa Krismasi. Safari hii nikasema ngoja nimpe habari ya Paul Nurse, na mama akavuta gogo akakaa.

Huyu ni Mwingereza, kazaliwa 1949, familia ya kawaida kabisa, na alipomaliza shule vyuo vikamkataa kwa sababu ya mtihani wa Kifaransa, alifeli mara sita. Mama akauliza Kifaransa cha nini kama anasomea hamira, nikamwambia mama ndio mambo ya wazungu hayo. Akaenda kufanya kazi ya ufundi maabara kwenye kiwanda cha bia, Guinness ya London, mpaka chuo cha Birmingham kikamhurumia. Baba mdogo hapo akaamka, kumbe alianzia kwenye pombe! Ndio baba, na hakutoka. Alivyomaliza udaktari wake wa PhD akaenda Uswisi kujifunza jenetiki ya hii hamira ya pombe, yaani jeni zake, yale maagizo ya urithi ndani ya seli, alaf Edinburgh kule Uskochi, na hapo katikati ya miaka ya 70 ndio kazi yenyewe ikaanza.

Hii hamira inafaa kwa sababu ina umbo la kijiti. Inarefuka tu kwenye ncha, haineneki, ikifika urefu fulani inajikata katikati kama muhogo, zinakuwa mbili. Kwa hiyo urefu wake unakwambia iko wapi kwenye safari. Hamira ya mikate haiko hivyo, ile inachipua kakichwa pembeni kama kiazi kilichokaa sana stoo. Nurse akatafuta zile zenye hitilafu, zinazokatika mapema zikiwa bado fupi, na kwa vile alikuwa Uskochi akaziita wee, maana kwao wee ni kidogo.

Hapa mazungumzo yakaharibika. Baba mdogo: inaitwaje? Wee. Mimi nimefanya nini? Hapana baba, jeni ndio inaitwa wee. Nani anaitwa? Mama alicheka akashika ukuta. Mpaka naondoka binti wa maji ya moto alikuwa anamwita baba mdogo jeni.

Alikusanya hizo fupi moja moja kwa jicho kwenye maikroskopu, karibu hamsini, na zote zilikuwa na hitilafu kwenye jeni ile ile moja, wee1. Kazi ya kuchosha hiyo msione hivi, nimeifanya, shingo inauma na macho yanaona vijiti hata usingizini. Siku moja jioni akapata sahani ya kuoteshea hamira imeingiliwa na ukungu, imechafuka, akaitupa kwenye ndoo ya taka akapanda baiskeli akarudi nyumbani. Baada ya kula roho ikamsuta, akarudi na mvua usiku kuifukua ile sahani kwenye taka. Na ndio hiyo iliyokuwa tofauti na zote, hitilafu yake ilikuwa kwenye jeni nyingine, cdc2, ambayo baadae ikajulikana kwamba ndio injini yenyewe ya seli kugawanyika. Mama akauliza, ukungu wa rangi gani? Sikuwa na jibu. Akasema yeye chungu kikiota ukungu mweusi anamwaga chote na kuchoma chungu moto, lakini ukiwa mweupe juu tu anaenguaga na kuonja chini, mara nyingi chini pako salama. Sasa huyu si ni mtafiti?

Nikawaeleza kwa mfano wa gari. cdc2 ni injini, wee1 ni breki, na kuna nyingine cdc25 kazi yake kuachia breki. Breki ikikatika, seli inagawanyika kabla haijakua, ndio zile fupi. Mwachia breki akifa, seli inarefuka inarefuka kama reli na haigawanyiki kamwe. Yaani kila seli inashuka mlima Kitonga, na anayebana na kuachia breki asipokuwa makini ndio mambo yanaharibika. Baba mdogo aliendesha lori miaka kumi na nane njia ya Iringa, hapo alinyamaza kabisa, akasema kansa basi ndio gari lililokata breki. Nikasema baba kwa wewe nakupa digrii leo leo.

Na kitu kilichofanya dunia isimame ni mwaka 1987, tayari yuko London, yeye na mwenzake wa maabara Melanie Lee walichukua hamira ambayo cdc2 yake imeharibika haiwezi kugawanyika, wakaimwagia vipande vya jeni za binadamu, tuone kama kuna kitakachoiokoa. Na kikapatikana. Jeni ya mtu ikaingia kwenye hamira ya pombe na hamira ikagawanyika kama kawaida, wakati ukoo wa hamira na ukoo wa mtu waliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mwaka 2001 akapewa Nobel pamoja na Leland Hartwell, Mmarekani aliyefanyia kazi hamira ile ya kuchipua, na Tim Hunt aliyekuta kwenye mayai ya viumbe vya baharini protini zinazojaa na kupotea kila seli inapogawanyika, saiklini, na hiyo injini cdc2 bila saiklini haiwaki. Baada ya hapo vyeo tu, rais wa chuo kikuu cha Rockefeller kule New York, rais wa Royal Society, ile jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya Crick pale London.

Kuna kimoja nilikuwa nakitunza. Akiwa New York, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, ana Nobel yake ya kazi ya jenetiki ndani, aliomba kibali cha ukazi wa Marekani wakataka cheti kamili cha kuzaliwa. Ndio akagundua aliyemjua kama dada yake ndiye mama yake mzazi, na wazazi waliomlea ni bibi na babu. Nilidhani watashangaa. Baba mdogo akanyonya mrija akasema, sasa cha ajabu hapo nini, nusu ya Rungwe tumelelewa na bibi. Mama akasema ila angeambiwa. Wakabishana hao wawili nusu saa nzima na mimi nikabaki na chungu, kwa hiyo niseme ukweli sehemu kubwa ya hiki chungu nilikunywa peke yangu.

Naona kuna watu watauliza, kwa hiyo ndani ya kimpumu ya mama imo hiyo hamira? Nilichota kidogo kwenye chupa ya maji nikaenda kuiangalia kwa rafiki mwenye maikroskopu mjini. Nyingi nilizoziona zilikuwa za kuchipua, za kiazi. Vijiti vilikuwepo vingi pia, rafiki akaruka ruka kwa furaha, nikamtuliza, vile vilikuwa vyembamba mno, ni bakteria wa uchachu, wale wanaoipa kimpumu kale kaukali ka maziwa mgando. Hamira ya pombe ni jitu kubwa ukilinganisha na wale, upana wake tu ni mikromita kama tatu hadi nne. Sikuiona. Haimaanishi haimo, tone moja sio chungu kizima, ila siwezi kudanganya watu ili stori inoge.

Kuhusu mimi mwenyewe na hii kazi, maana mama aliniuliza na nikamjibu vibaya. Projekti niliyokuwa nafanyia iliisha, na projekti ikiisha kwenye hii fani na wewe umeisha, mkataba unaisha tarehe ile ile na friji lako la sampuli anapewa mwingine. Hakuna anayekuaga. Miaka sita ya vijiti vyangu ipo mahali kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, au walishaitupa. Kwa sasa nafundisha tuisheni ya baiolojia na kuuza parachichi za shamba la baba mdogo kwa wanaonunua za kupeleka nje. Mama akanipa ushauri mmoja tu, beba chachu ukihama. Nikamwambia mama kule chachu ni mali ya ofisi. Akasikitika kweli, akasema basi hiyo ofisi haijawahi kupika.

Haya turudi kwenye rivyuu kabla hamjanikimbia. Chakula kipo, cha kawaida ila kinashibisha, ndizi za kuchoma na kitimoto ya kukaanga, pilipili yao kali sana ombeni pembeni. Ndizi nyama siku ya Jumamosi tu na inaisha mapema. Bei: chungu kidogo cha watu wawili nililipa elfu tatu, kikubwa elfu tano, maji ya moto bure mpaka machicha yaishiwe ladha. Hela mkononi, mtandao wa simu pale unakuja na kuondoka kama umeme. Choo kipo mbali, kisafi kuliko nilivyotegemea, usiku beba tochi. Muziki hamna, kuna redio ya mzee mmoja ya mpira. Wanawake msiogope kwenda, mi nilikaa masaa matano hakuna aliyenisumbua zaidi ya kuulizwa mtoto wa nani. Ila usiende na gari ukategemea kurudi unaendesha, hii kitu inapanda taratibu kwa sababu ya joto, unajiona mzima, ukisimama ndio magoti yanakuletea taarifa.

Kosa lingine dogo, Jumapili ile kuni zililowa na maji ya moto yakakata kama saa moja, tukabaki na chungu cha baridi. Binti hakutuambia, alikuwa anapita mbali na birika tupu. Angesema tu.

Jumatatu na Jumanne usiende, vyungu vinakuwa bado vinapiga kelele na mama hauzi kabla havijanong'ona, hata umlipe mara mbili. Kuanzia Alhamisi ndio mahali pake. Mi narudi wiki ijayo, nimemuahidi mama kumpelekea sufuria kubwa, na mrija wangu nimeshanunua sokoni Soweto pale Mbeya mjini, uko kwenye mkoba umefungwa na nailoni.